Tui, Maziwa na Hesabu ya Lita Moja

Mpishi wa Tanga hana haja ya kuelezwa kwamba mmea nao hukamuliwa. Anakalia mbuzi, anakuna nazi, anamimina maji ya uvuguvugu, kisha anakamua kwa kifumbu hadi tui zito linatua kwenye bakuli. Anarudia mara ya pili na kupata tui jepesi, ambalo ndilo hutangulia kuingia sufuriani. Zito linasubiri mpaka samaki akaribie kuiva. Hata siku moja hajaliita tui maziwa. Maziwa ni ya ng'ombe, ya ngamia, ya mama. Cha nazi kina jina lake.

Ulaya jambo hilo limefikishwa mahakamani. Tarehe 14 Juni 2017, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua katika kesi ya kampuni ya Kijerumani TofuTown kwamba kinywaji cha soya hakiwezi kuuzwa kwa jina la maziwa, hata mwenye bidhaa akiongeza maneno ya kueleza kuwa kimetokana na mmea. Wafugaji walipumua. Wenye viwanda vya soya na oti wakabadilisha maandishi kwenye pakiti zao na kuendelea kuuza, kwa sababu wateja wao hawakuwa wakinunua jina. Wengi walikuwa wakinunua ahadi: kwamba anayeacha maziwa ya ng'ombe anaipunguzia dunia joto.

Mhadhara huu unaipima ahadi hiyo. Kwa sehemu kubwa ni ya kweli, na Mswahili yeyote anayeijali ardhi yake anapaswa kuijua kwa tarakimu. Lakini tarakimu hizo zimezaliwa kwenye mazingira fulani, na zikibebwa jinsi zilivyo hadi Kiambu, Lushoto au Nyando, zinaweza kumpotosha mtu mwenye nia njema.

Rejea inayotumiwa zaidi ni utafiti wa Joseph Poore wa Chuo Kikuu cha Oxford na Thomas Nemecek wa taasisi ya kilimo ya Uswisi, Agroscope, uliotoka katika jarida la Science mwaka 2018. Walikusanya takwimu za mashamba yapatayo 38,700 katika nchi 119, wakafuata kila chakula tangu shambani hadi dukani. Kwa wastani wa dunia, lita moja ya maziwa ya ng'ombe iligharimu kilo 3.2 hivi za gesijoto, zikipimwa kwa uzito wa hewa ukaa. Kinywaji cha mchele kilikuwa kilo 1.2, cha soya karibu kilo 1, cha oti kilo 0.9, cha lozi kilo 0.7. Kwa ardhi tofauti ni kubwa zaidi: lita ya maziwa ilihitaji karibu mita 9 za mraba kwa mwaka, na hakuna kinywaji cha mmea kati ya hivyo vinne kilichofikisha hata mita 1.

Ng'ombe anadaiwa kiasi hicho kwa sababu ya tumbo lake. Katika tumbo la kwanza vinaishi vijidudu vinavyovunja majani ambayo binadamu hawezi kuyasaga, na hiyo ni neema ya ajabu: jani gumu lisilo na faida kwa mtu linageuka nyama, maziwa na nguvu ya kuvuta jembe. Baadhi ya vijidudu hivyo hutengeneza gesi ya methani, na ng'ombe akicheua huitoa kwa mdomo. Watu wengi hudhani gesi hiyo hutokea nyuma. Karibu yote hutoka mbele. Methani haidumu angani, hutoweka kwa muda wa miaka 12 hivi, lakini ikiwapo hunasa joto vikali mno, zaidi ya mara 80 ya hewa ukaa ikipimwa kwa miaka 20. Basi anayepunguza methani leo huyaona matunda yake mapema, na ndiyo maana kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow wa mwaka 2021 nchi nyingi zilitoa ahadi mahususi ya kuipunguza kwa asilimia 30 ifikapo 2030.

Kuna pia hesabu ya malisho. Zaidi ya robo tatu ya soya ya dunia hulishwa mifugo, wengi wao kuku na nguruwe, na ng'ombe wa maziwa pia wana fungu lao. Anayesema kwamba kinywaji cha soya ndicho kinachoteketeza misitu ya Amazon ameielekeza lawama kusikostahili. Soya inayoliwa moja kwa moja na watu, kama maziwa yake au tofu, ni sehemu ndogo sana.

Mimea nayo ina madeni yake, na lozi ndiyo mfano ulio wazi. Takriban asilimia 80 ya lozi zote duniani hutoka jimbo moja la Marekani, California, hasa kwenye bonde kavu la katikati ya jimbo. Lita moja ya kinywaji cha lozi ilihitaji lita 370 za maji katika hesabu za Poore na Nemecek. Ya soya ilihitaji 28 tu. Ukame wa 2012 hadi 2016 ulipokausha mifereji, wakulima wa bonde hilo walichimba visima virefu zaidi na zaidi, na mahali fulani ardhi yenyewe ikadidimia kwa sababu maji ya chini yalikuwa yameondoka. Mwaka 2014 jimbo lilipitisha sheria ya kudhibiti uchotaji huo. Kila Februari, milozi inapochanua, mizinga inayopita milioni moja hupakiwa kwenye malori na kusafirishwa hadi huko ili nyuki wachavushe maua ya mmea wa aina moja uliotanda hadi upeo wa macho. Mnywaji wa lozi amepunguza gesi, na maji ameyatumia kwa wingi.

Tena lita si chakula. Hili husahaulika kirahisi, na ni kosa zito katika nchi zenye njaa iliyofichika. Lita ya maziwa ya ng'ombe ina protini gramu 33 hivi. Ya soya inakaribia 30. Kinywaji cha oti kina kama gramu 10, cha lozi 5, cha mchele 3. Mtu akigeuza hesabu na kuuliza gramu 100 za protini zinagharimu gesi kiasi gani, picha inapinduka. Kwa maziwa ya ng'ombe ni kilo 9.5, kwa oti ni 9, yaani karibu sawa, kwa lozi ni 14, kwa mchele hufika karibu 40. Soya peke yake inabaki mshindi wa haki, kwa kilo 3.3 hivi. Bila shaka hakuna anayekunywa kinywaji cha lozi ili apate protini, hasa mkazi wa Stockholm ambaye sahani yake imeshiba samaki, mayai na kunde. Kwake yeye kikombe cha kahawa chenye oti ni badiliko jema lisilomwondolea kitu. Mtoto wa miaka miwili anayekula uji mchana na ugali usiku yuko katika hali nyingine kabisa. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwao kikombe cha maziwa hakihesabiwi kwa lita.

Inafaa hapa kuitazama Uholanzi, nchi yenye uhusiano wa kweli na maziwa ya Tanga.

Uholanzi ni nchi ndogo yenye ng'ombe wa maziwa wapatao milioni 1.6, mbali na nguruwe na kuku. Ng'ombe hao hulishwa kwa sehemu na soya iliyovuka bahari kutoka Amerika ya Kusini na kushushwa bandari ya Rotterdam. Kwa maneno mengine, rutuba ya udongo wa Brazil husafirishwa kila mwaka na kuishia kama samadi Ulaya, kwenye ardhi isiyoweza kuimeza yote. Amonia hupanda hewani, hutua kwenye vichaka na mabwawa yaliyohifadhiwa, na mimea iliyozoea udongo maskini hufunikwa na nyasi zinazopenda nitrojeni. Tarehe 29 Mei 2019 mahakama ya juu ya masuala ya utawala ya nchi hiyo ilibatilisha utaratibu ambao serikali ilikuwa ikiutumia kutoa vibali. Ujenzi ukakwama, na Oktoba wakulima wakajaza barabara za kuelekea The Hague kwa matrekta yao. Katika nchi kama hiyo, hoja ya kupunguza ng'ombe haina majibu mengi. Samadi imezidi.

Waholanzi hao hao ndio waliosaidia mkoa wa Tanga kujenga ufugaji wa ng'ombe wa maziwa kwa wakulima wadogo tangu miaka ya 1980. Familia ilikopeshwa mtamba na kulipa kwa kutoa ndama jike kwa jirani, ule utaratibu unaojulikana nchini kama kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Vyama vya wafugaji vikapata vituo vya kukusanyia maziwa na kupozea, na katika miaka ya 1990 kikazaliwa kiwanda cha Tanga Fresh. Utaalamu ulikuwa mmoja, ila udongo ulikuwa wa namna mbili. Kule mbolea ilikuwa sumu. Tanga ilikuwa dawa.

Mwenye shaka apande Lushoto. Milima ya Usambara ina miteremko mikali, na mvua moja kubwa inaweza kuondoka na udongo wa shamba zima. Mradi wa kuhifadhi udongo wa miaka ya 1980 uliwahimiza wakulima wapande majani ya tembo na majani ya Guatemala kwenye kingo za matuta. Mkulima mwenye nusu ekari hawezi kupoteza mstari wa ardhi kwa ajili ya nyasi zisizomlipa. Ng'ombe wa zizini ndiye aliyezipa nyasi hizo thamani: zinakatwa, zinapelekwa kwenye hori, zinarudi shambani zikiwa samadi, na mizizi yake inashikilia mlima. Ukimwondoa ng'ombe kwenye mpango huu, majani yatang'olewa na mahindi yatapandwa hadi ukingoni.

Wachaga walikuwa wameijua siri hiyo karne nyingi kabla ya mradi wowote. Katika kihamba, yaani shamba la nyumbani la Kilimanjaro, ng'ombe hakai malishoni. Anafungwa karibu na nyumba, akiletewa majani ya migomba na nyasi zilizobebwa kichwani kutoka tambarare, na samadi yake ndiyo inayoiweka migomba na mibuni hai kwenye shamba lile lile kizazi baada ya kizazi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo huo wa kijiji cha Shimbwe Juu mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Hakuna jedwali la lita moja linaloweza kuuonyesha.

Hata hivyo ni lazima kusema ukweli wote, na upande mchungu wa ukweli ni huu: kwa kila lita, maziwa ya Afrika ndiyo yanayotoa gesijoto nyingi kuliko yote. Ripoti ya FAO ya mwaka 2010 ilikadiria wastani wa dunia kuwa kilo 2.4 kwa kila kilo ya maziwa. Ulaya na Amerika ya Kaskazini zilikuwa kati ya kilo 1 na 2. Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa kama kilo 7.5. Si kwamba ng'ombe wa Kiafrika anacheua vibaya. Kila ng'ombe hula kwanza ili aishi, na gesi ya chakula hicho cha kuishi hutoka akamuliwe asikamuliwe. Anayetoa lita 20 kwa siku huigawa gesi hiyo mara 20. Anayetoa lita 2, na miezi mingine hatoi kabisa, anaibebesha lita mbili mzigo wote. Nchini Kenya, tathmini iliyofanywa kwa mwaka 2014 ilikuta wastani wa kilo 3.8, wafugaji wa zizini walikuwa kwenye 2.1, wanaochanganya zizi na malisho 4.1, na wachungaji wa maeneo ya wazi 7.1.

Mtu aliyekaa ofisini akizisoma tarakimu hizi anaweza kumwona Mmaasai au Mbarabaig kuwa ndiye mharibifu mkuu. Huo ni uonevu wa hesabu. Ng'ombe wa mchungaji hafugwi kwa maziwa tu. Ni akiba ya benki, mahari, bima ya mwaka wa ukame, ngozi, nyama na samadi, na mara nyingi anakula nyasi za ardhi kame ambako soya wala oti haviwezi kuota. Kuitwika lita ya maziwa gesi yote ya mnyama mwenye kazi nyingine sita ni kama kumtoza abiria mmoja nauli ya basi zima.

Vipimo vyenyewe viliazimwa. Kwa miaka mingi nchi za Afrika zilitumia viwango vya kukadiria vilivyotengenezwa kwa ng'ombe wa kwingine. Kituo cha Mazingira cha taasisi ya utafiti wa mifugo ILRI, jijini Nairobi, kiliamua kupima. Kina vyumba maalumu ambamo ng'ombe huingizwa na kila pumzi yake kuhesabiwa. Watafiti pia walikwenda kwa wafugaji wa Nyando, magharibi mwa Kenya, wakawapima ng'ombe wao uzito msimu baada ya msimu. Wanyama hao wadogo, wanaokonda kiangazi na kunenepa masika, walionekana kutoa methani kidogo kuliko viwango vya kawaida vilivyodai. Lakini sayansi ya kweli hukata pande zote mbili. Vipimo vingine nchini humo vilionyesha kwamba maboma ya mifugo, yenye samadi iliyorundikana miaka na miaka, hutoa gesi ya nitrasi oksaidi kwa wingi ambao haukuwa ukihesabiwa. Na boma hilo hilo likishahamwa hugeuka uwanda wa nyasi bora. Utafiti uliotoka mwaka 2018 katika jarida la Nature ulionyesha kuwa sehemu za kusini-magharibi mwa Kenya zilizokuwa maboma ya wafugaji kati ya miaka 1,550 na 3,700 iliyopita bado zina rutuba kuliko ardhi iliyozizunguka, na wanyamapori bado huzifuata.

Kwa hiyo njia ya Afrika Mashariki haianzii dukani kwenye rafu ya pakiti za oti zilizosafirishwa kutoka Ulaya. Inaanzia kwenye hori. Jani lililokomaa na kuwa kama fito humpa ng'ombe gesi nyingi na maziwa kidogo; jani changa lililochanganywa na jamii ya kunde kama lusina au desmodia hufanya kinyume. Kilimo kinachoitwa sukuma-vuta, kilichobuniwa na kituo cha utafiti wa wadudu icipe nchini Kenya pamoja na Rothamsted ya Uingereza, ni mfano mzuri sana. Desmodia hupandwa katikati ya mahindi, majani ya tembo pembezoni. Desmodia humfukuza kipekecha shina na kuliua gugu la kiduha, majani ya tembo humvutia mdudu huyo nje ya shamba, na mkulima aliyekuwa akitafuta mahindi tu hujikuta na mzigo wa malisho bora.

Ugonjwa nao ni suala la tabianchi, ingawa wizara huuweka kwenye faili jingine. Ndigana kali huua ndama kwa wingi. Ndama aliyekufa amekwisha kumgharimu mama yake miezi tisa ya mimba, malisho na gesi, na hakuna kitu kilichopatikana. Chanjo yake, ya kumwambukiza ndama kwa makusudi na kumtibu hapo hapo, imepokewa sana na wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania. Kila ndama anayepona ni sababu ya kupunguza kundi bila kupunguza maziwa.

Bila kupunguza kundi, ufanisi ni nusu ya safari. FAO ilionyesha kwamba kati ya 2005 na 2015 gesi kwa kila kilo ya maziwa duniani ilipungua kwa karibu asilimia 11, lakini maziwa yenyewe yaliongezeka kwa asilimia 30, na jumla ya gesi ikapanda kwa asilimia 18. Anga haijui wastani, inajua jumla. Ndiyo maana nchi tajiri haziwezi kujificha nyuma ya ng'ombe wao wenye ufanisi. Denmark imekubali jambo hilo: mwaka 2024 ilipitisha mpango wa kutoza kodi gesi ya mifugo kuanzia 2030. Mdenmaki na Mholanzi wana sababu zote za kunywa oti, na kuwasifu kwa hilo ni haki. Kumwambia mama wa Njombe mwenye ng'ombe mmoja afanye hivyo hivyo si haki.

Wakenya waliosoma shule ya msingi miaka ya 1980 wanayakumbuka Maziwa ya Nyayo, pakiti za pembetatu zilizogawiwa bure kuanzia 1979, hadi mpango ulipodhoofika na kufa. Mpango wa namna hiyo ukirudi leo, unaweza kuwa na vikombe viwili, kimoja cha maziwa na kimoja cha soya. Kwa Tanzania, soya inalimwa Ruvuma na Nyanda za Juu Kusini; Oktoba 2020 China ilifungua soko lake kwa soya ya Tanzania, na magunia yakaanza kuifuata meli. Sehemu yake ingeweza kubaki. Soya ikilowekwa usiku, ikasagwa, ikachemshwa vizuri na kuchujwa, hutoa kinywaji chenye protini inayokaribia ya maziwa, bila ndege wala pakiti ya kigeni, na kwa mtoto ambaye tumbo lake halipatani na maziwa ni msaada mkubwa. Hakiwezi kuwa na kalsiamu ya maziwa wala vitamini B12 yake bila kuongezwa, na anayekigawa shuleni lazima alijue hilo.

Tanga inavyo vyote viwili, mnazi na ng'ombe, na haijawahi kuvigombanisha. Tui likishakamuliwa, machicha hutupiwa kuku uani. Nazi iliyokaushwa ikishakamuliwa mafuta kiwandani, mashudu yake huuzwa kwa wafugaji, yakachanganywa na pumba na kumwagwa kwenye hori alfajiri. Ng'ombe anayala huku anakamuliwa, na saa mbili baadaye maziwa yake yapo kwenye tangi la ushirika, yakipoa.